Sauti Yangu Imehamia Vidoleni

Natoa ushuhuda huu kwa wale walioambiwa kwamba muziki ni wa wenye vipaji, na hasa kwa wanawake wa rika langu waliozoea kuimba lakini hawajawahi kushika chombo chochote cha muziki. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kangemi, magharibi mwa Nairobi. Nimeshona sare za shule miaka mingi, na miaka mingi vilevile nimeimba alto, yaani sauti ya pili, katika kwaya ya kanisa letu. Leo siimbi tena. Napiga ukulele, chombo kidogo cha nyuzi nne, na kwaya ile niliyoiacha kwa machozi ndiyo sasa inayochukua sauti kutoka kwangu kabla ya kufungua kinywa. Kilichonitoa kule na kunifikisha hapa ni kodi moja tu ya muziki, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, iitwayo C meja. Nataka kueleza ilivyofanya kazi yake, kwa sababu naamini itamfaa na mwingine.

Wengi wetu tulio katika kwaya za makanisa ya Kenya hatukujifunza kuimba kwa kusoma noti zilizopangwa kwenye mistari mitano. Tulijifunza kwa solfa. Mwalimu huandika wimbo kwenye karatasi ya manila, d, r, m, f, s, l, t, kila sauti na mstari wake, akaibandika ukutani, na kabla giza halijaingia wimbo umeshika. Mtindo huu ulitoka Uingereza. Mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeweka msingi wake, na mchungaji John Curwen akauendeleza na kuusambaza katika karne ya 19. Wamishonari walikuja nao Afrika kwa kuwa haukuwa na gharama: herufi za kawaida, ubao na chaki vilitosha. Kabla ya wimbo kuanza, mwalimu wetu hugawa sauti. Besi hupewa do, teno hupewa so, alto hupewa mi, na soprano hupewa do ya juu. Kila mmoja huishika yake, tunavuma nayo kidogo, kisha tunaingia. Nilikuwa nikipewa mi yangu hivyo tangu usichana.

Alto si sauti ya kushangiliwa. Soprano ndio wenye wimbo wenyewe, na msikilizaji akitoka kanisani huenda nyumbani akiuimba huo. Besi wanatetemesha viti. Alto tuko katikati, na mara nyingi sehemu yetu ikiimbwa peke yake haifanani na wimbo wowote. Niliipenda hata hivyo. Papa Francis alipokuja hapa Kangemi, kwenye Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 27 Novemba 2015, hata sisi tusio Wakatoliki tulitoka kusimama kando ya njia. Watu waliimba kuanzia alfajiri. Nakumbuka nikitafuta sauti ya pili katika nyimbo ambazo sikuwahi kufundishwa, na nikiipata. Ndivyo nilivyokuwa. Popote palipoimbwa, mimi nilikuwa na mahali pangu.

Baadaye shingo yangu ikaanza kuvimba. Ilikuwa rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, na ilikuwa imeanza kubana koo hata nikilala. Nilifanyiwa upasuaji. Kabla yake daktari alinieleza, na nilielewa, kwamba neva inayoendesha nyuzi za sauti inapita nyuma kabisa ya tezi ile, na kwamba hata mikono hodari inaweza kuijeruhi. Neva yangu ilijeruhika. Nilipozinduka sikuwa na sauti hata ya kuita muuguzi. Kuzungumza kulirudi polepole, kwa ukwaruzo, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa maana fundi wa nguo asiyeweza kuongea na wateja hana kazi. Kuimba hakukurudi. Nikijaribu kuipandisha sauti, inakatika na kubaki pumzi tupu.

Asiyeimba anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa msiba usio na matanga. Nilirudisha sare ya kwaya ikiwa imepigwa pasi. Jumapili nilikaa viti vya nyuma, na wimbo ukifika mahali pa sauti ya pili nilitazama sakafu. Kuna siku nilibaki nyumbani, nikasema nina kazi ya watu. Uchungu ukaanza kunifanya mtu mwingine: mkali kwa wanafunzi wangu wa ushonaji, mwepesi wa kukasirikia waimbaji vijana kwa kuwa wana koo zima na bado wanachelewa mazoezini.

Kupiga chombo hakukuwa jambo lililonijia akilini, na sababu yake ni ya zamani. Nilikulia katika nyumba iliyopenda gitaa kavu. Baba yangu, kama wanaume wengi wa Magharibi mwa Kenya waliokuja Nairobi kutafuta kazi, alipenda omutibo, mtindo wa George Mukabi, yule wa "Sengula Nakupenda" aliyefariki mwaka 1963. Katika upigaji huo kidole gumba hushika besi na kidole cha shahada hushika wimbo, na mtu wa pembeni hukwaruza chupa ya Fanta yenye mistari ili kutia mwendo. Baba pia alimtaja sana Jean-Bosco Mwenda, Mkongomani wa "Masanga" aliyewahi kukaa Nairobi, na vijana waliomfuata redioni wakitaka kujua vidole vyake vinapita wapi. Jioni wageni walipokuja na gitaa, sisi wasichana tulipewa chupa. Niliikwaruza vizuri, nikasifiwa. Lakini gitaa lenyewe lilipita kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamume, na halikuwahi kutua mapajani pa mama wala shangazi. Ilisemwa kwamba msichana wa gitaa ataishia baa. Hata nyatiti ya Waluo ilikuwa ya wanaume kwa desturi, mpaka wanawake kama Suzanna Owiyo walipoishika hadharani na kuonyesha kwamba nyuzi hazimuulizi mtu jinsia yake.

Kijana anayefundisha Shule ya Jumapili kanisani kwetu ndiye aliyenitoa huko. Yeye hutumia ukulele kwa sababu anaweza kuubeba kwenye matatu bila kulipia kiti cha pili, na kwa sababu stima ikipotea, kama inavyopotea mara kwa mara, kinanda cha kanisa hunyamaza na watoto hubaki bila mwongozo. Siku moja alinikuta nikikunja vitambaa vya meza ofisini baada ya ibada. Akauweka mbele yangu.

"Mama, so unaijua?"

"Naijua."

"Gusa uzi huu wa karibu na uso wako, uniambie ni nini."

Nikaugusa. Ilikuwa so. Uzi uliofuata ulikuwa do, wa tatu ulikuwa mi, na wa mwisho, ule wa chini, ulikuwa la. So, do, mi, la. Hakuna aliyeniambia, niliyatambua kwa sikio lililokuwa limekaa kimya muda wote huo. Vitabu huziita nyuzi hizo G, C, E na A, lakini kwangu zilikuja kwa majina niliyoyajua tangu utoto. Uzi wa karibu na uso si mzito kama ilivyo kwenye gitaa. So yake iko juu kuliko do na mi zinazofuata, hivyo sauti zote nne hukaa pamoja kama waimbaji waliosimama bega kwa bega.

Kisha akanionyesha jambo moja tu. Kidole cha pete, kwenye uzi wa la, nyuma kidogo ya kijiti cha tatu cha chuma kinachokata shingo ya chombo. Kila kijiti hupandisha sauti kwa nusu hatua. Kutoka la hadi do kuna nusu hatua tatu, kwa hiyo kidole kile kinaigeuza la kuwa do ya juu. Nyuzi nyingine tatu haziguswi. Nikabonyeza, nikashusha kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya nyuzi zote nne. So, do, mi, do.

Nililia, wala sioni haya kulisema. Ilikuwa kwaya nzima, ile sauti tunayopewa kabla ya kila wimbo, na ilikuwa imekaa mapajani mwangu. Katika maisha yangu yote ya kuimba nilikuwa nimebeba mi peke yake, na sikuwahi kuzibeba zote kwa pamoja. Koo langu halikuweza kufanya hivyo. Lilitoa sauti moja tu kwa wakati. Mkono unaweza.

Sikuridhika mpaka nijue kwa nini sauti tatu zikikutana hivyo zinatulia moyoni. Maelezo yake yalinishangaza kwa wepesi. Uzi ukitikisika, kasi ya mtikisiko ndiyo sauti tunayoisikia. Do ikitikisika mara nne, mi hutikisika mara tano hivi, na so mara sita. Nne, tano, sita: mitikisiko inakutana kila baada ya muda mfupi, na sikio linausikia mkutano huo kama amani. Hii ndiyo maana ya kodi kuu, ambayo wapiga vyombo huiita meja. Hesabu yake ni ile ile kokote: kutoka do hadi mi ni nusu hatua nne, kutoka mi hadi so ni nusu hatua tatu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limenibadilisha kuliko yote. Chukua kodi hiyo, uache do mahali pake na so mahali pake, kisha ushushe mi kwa nusu hatua tu. Wimbo wa furaha unageuka kuwa wa huzuni. Kodi meja inakuwa maina. Besi hajasogea, soprano hajasogea. Aliyeamua kama kanisa linashangilia au linaomboleza ni yule wa katikati, na mara nyingi huyo ni alto. Sauti niliyoidhani ni ya kujaza nafasi ndiyo iliyokuwa inashika ufunguo. Nilifikiria wanawake wote niliosimama nao mstari ule, ambao hakuna aliyewahi kutoka kanisani akiimba sehemu yao, nikaona thamani yetu kwa mara ya kwanza.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya kwenda mjini kununua vitambaa Biashara Street, kama kawaida yangu. Nilipomaliza, nikavuka hadi duka moja la vyombo vya muziki katikati ya mji na kununua ukulele wa shilingi elfu tano hivi, chini ya nilicholipwa kwa sare chache. Muuzaji aliuliza kama ni wa mjukuu. Nikamwambia ni wangu. Nilirudi nao kwenye matatu ya Kangemi, Waiyaki Way yote nikiwa nimeupakata, na usiku ule nikaushonea mfuko kwa mabaki ya kitenge.

Chombo hiki kina safari yake. Tarehe 23 Agosti 1879, meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walijua gitaa dogo la kwao, na kutokana nalo, huko Hawaii, ukulele ukazaliwa. Mfalme Kalākaua aliupenda na kuupa heshima ya ikulu. Napenda kulikumbuka hilo. Chombo ambacho wengine hukiita cha kuchezea kilianzishwa na vibarua na mafundi, watu wa mikono kama mimi.

Sitaki mtu adhani kodi moja huja bila jasho. Mwanzoni uzi wangu wa chini ulikuwa ukilia kama nyuki kwa sababu kidole kilikuwa mbali na kijiti. Kinatakiwa kukaa karibu kabisa nacho, bila kukipanda. Mara kidole kinalala na kuugusa uzi wa jirani, nao unakufa sauti. Kucha za mkono wa kushoto lazima zikatwe fupi. Nyuzi mpya za nailoni hulegea, hivyo kila ukikaa chini ni lazima uzipatanishe upya. Kuna programu za simu za kusaidia, lakini mimi natumia sikio: naipata do, na nyingine nazipima kwayo. Ncha za vidole huuma, ingawa nailoni ni laini kuliko chuma cha gitaa. Mikono iliyozoea sindano ilinifaa hapo, maana nilikwisha kujua kwamba ngozi hukomaa kwa anayerudia kazi kila siku.

Baada ya C nilitafuta F. Hii inataka vidole viwili, kimoja kwenye uzi wa so, kijiti cha pili, na kingine kwenye uzi wa mi, kijiti cha kwanza. Nyuzi zinatoa la, do, fa, la: kodi kuu ya fa. G ndiyo ngumu kwa mwanafunzi, vidole vitatu vilivyopangwa pembetatu, nayo inatoa so, re, so, ti. Mwenye kodi hizi tatu, C, F na G, anaweza kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo tunazoimba kanisani, kwa sababu nyingi husimama juu ya do, fa na so. Sikuhitaji kuambiwa zibadilishwe lini. Miaka ya kuimba alto ilikuwa imenifundisha mahali wimbo unapogeuka, maana hapo ndipo sauti ya pili husogea. Elimu yangu yote ya zamani ilikuwa bado iko hai. Ilikuwa imekosa mlango wa kutokea tu.

Nilirudi kwaya kwa kuombwa, jioni ya mazoezi, stima ikiwa imepotea. Kinanda kilikuwa kimya na mwalimu alikuwa na mafua, hawezi kutoa sauti. Akanitazama. Nikapiga C, kisha nikagusa uzi mmoja mmoja: do kwa besi, so kwa teno, mi kwa alto, do ya juu kwa soprano. Wakazishika, wakavuma, wakaingia. Tangu hapo hiyo imekuwa kazi yangu. Uchungu niliousema haukuondoka kwa mahubiri. Uliondoka kwa sababu nilipata tena kitu cha kuwapa wenzangu. Wanafunzi wangu wa ushonaji ni mashahidi kwamba ukali umepungua.

Jumamosi alasiri watoto wa mtaa huja kibandani kwangu. Watoto wa siku hizi wana rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo mtaala wa umilisi umetufanya wazazi wengi tuinunue, na ni jambo jema. Lakini anayepuliza hawezi kuimba wakati huo huo, na filimbi hutoa sauti moja kwa zamu. Kwa ukulele mtoto husikia do, mi na so zikiwa pamoja, na kinywa chake bado kiko huru kuimba. Mjukuu wangu alipoipata C safi kwa mara ya kwanza aliniambia, "Kukhu (bibi), hii ni ya kanisani." Naye alikuwa amekwisha kuijua, kama mimi, kabla ya kufundishwa.

Kwa hiyo nina maneno matatu. Kwa wazee wa makanisa na viongozi wa Shule ya Jumapili: kabla ya kununua spika nyingine, nunueni ukulele kadhaa, na muwape wasichana pamoja na wavulana. Kwa aliyepoteza sauti kwa upasuaji, kwa kiharusi au kwa umri: muziki uliokuwa nao haukuwa kooni peke yake. Uko sikioni, na sikio linaweza kuufundisha mkono. Na kwa mama anayeimba sauti ya pili tangu usichana akidhani hajui muziki: unaujua. Do, mi, so umeziimba maisha yako yote. C meja inataka kidole kimoja tu. Tafuta mtu mwenye ukulele, uanze nayo wiki hii.